Tufe la bronzi kama la Pomodoro: nimimine vipi nikiwa Tabora?

NtaYaMiombo (Tabora)
Wakuu, naomba ujuzi wenu. Nataka kumimina tufe la bronzi la kipenyo cha sentimita 30, nje ling'ae kama kioo, upande mmoja limepasuka na ndani kunaonekana meno meno, kwa mfano wa matufe ya Arnaldo Pomodoro, yule Mwitaliano aliyefariki Juni 2025. Nta ya nyuki ipo tele ya kutengenezea umbo, litakaloyeyushwa ndani ya kalibu (chombo cha kumiminia) ili bronzi ishike nafasi yake. Shaba ya nyaya, ya kuchanganya na bati ipatikane bronzi, ipo kwa wauza chakavu. Tufe lijae au liwe wazi ndani? Bati nitumie lipi? Na yale meno huchongwa baada ya kumimina?

TanuruLaUjiji (Kigoma)
Liwe wazi, mkuu. Tufe la Pomodoro lililoko uani kwenye Makumbusho ya Vatican lina kipenyo cha mita 4. Lingekuwa limejaa lingezidi tani 290. Lako likijaa ni kilo 124. Ukuta wa milimita 5 unakupa kilo 12 tu. Tena ukuta mnene hupoa nje kabla ya ndani, bronzi ikisinyaa inaacha mashimo, na ukianza kung'arisha yote yanajitokeza.

Fanya nusu mbili. Mimina nta ya nyuzi 70 hivi kwenye kalibu ya jasi iliyoloweshwa, zungusha, mwaga inayobaki, rudia. Kisha pima: kila nusu iwe na gramu 650 hivi. Ikizidi sana, ukuta umenenepa mahali. Kwa joto la Oktoba huko kwenu nta tupu ya nyuki italegea, hivyo changanya na theluthi ya nta ya mishumaa.

Bati ndipo wengi wanapoharibu. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki, hayahusiki kabisa. Unatafuta bati la madini, kama linalochimbwa Kyerwa kule Kagera, likiwa limeshayeyushwa. Risasi ya kulehemu redio usiiguse: risasi haichanganyiki na shaba, inabaki matone meusi, na moshi wake ni sumu. Kila nusu pamoja na mirija yake ya kupitishia bronzi andaa kilo 9: shaba 8.1, bati 0.9. Shaba iyeyuke kwanza chini ya tabaka la mkaa, bati liingie mwisho kwa sababu huungua upesi.

Kalibu_Kavu
Naongeza kwenye meno, maana ndiyo roho ya kazi ile. Hayachongwi kwenye bronzi. Pomodoro alianzia kwenye usonara, akichimba alama kwenye mfupa wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) na kumimina madini humo. Kilichochimbwa kinatoka kimeinuka. Nawe fikiri kinyume hivyohivyo: gandamiza kabari, misumari na vipande vya gia kwenye udongo wa mfinyanzi, mwagia jasi, chukua umbo la jasi hiyo kwa mpira wa silikoni, na humo ndimo umimine nta. Jino lisilopungua milimita 3, la sivyo bronzi itaganda kabla ya kufika ncha.

Kalibu ya kuchomea, inayoizunguka nta na kuijaza ndani: jasi kipimo 1, unga wa tofali la kuchoma uliochekechwa vipimo 2. Sehemu iliyojaa ndani ya nta, yaani kiini, ishikwe na misumari 4 hadi 6 iliyopenya nta, la sivyo nta ikitoka kiini kinaanguka. Weka mirija ya kupumua kila sehemu ya juu. Choma taratibu, nyuzi 150 mpaka mvuke uishe, halafu panda hadi 600, ukae hapo mpaka mdomo wa kalibu uwe mweupe bila masizi. Ukipita 700 jasi inaoza na kupasuka. Usiharakishe hapa: unyevu ukibaki, bronzi ya nyuzi 1,130 inarudi usoni kwako.

NtaYaMiombo (Tabora)
Asanteni sana. Na kuunganisha nusu mbili?

TanuruLaUjiji (Kigoma)
Lehemu kwa umeme chini ya gesi ya agoni (TIG), na vijiti vya kulehemu vitoke kwenye bronzi ileile uliyoyeyusha. Kijiti cha dukani kina mchanganyiko mwingine, mstari utaonekana kwa rangi hata ukisugua mwezi mzima. Matundu ya misumari yazibe kwa bronzi hiyohiyo pia. Kisha msasa 120, 240, 400, 600, 1000 bila kuruka hata mmoja, mwisho kitambaa na sabuni ya kung'arishia. Likikaa nje litageuka kahawia, kwa hiyo lipake nta likiwa na vuguvugu na urudie kila msimu. Ya nyuki inafaa.