Ziara ya viwanda vya bia milimani, mwenzangu kona zinamtapisha

Habari zenu wanajamvi, naombeni ushauri. Mimi na waifu tunataka kwenda ile ziara ya siku nzima ya viwanda vidogo vya bia milimani, muongozaji anawazungusha na basi dogo, kila kituo mnaonja vile viglasi vinne vitano halafu mnarudi barabarani kona juu ya kona. Shida waifu kona zinamtapisha, dawa tuliyojaribu inamlaza fofofo na famasia wakasema isichanganywe na pombe kabisa, sasa hapo ziara ya nini jamani. Siti ya mbele inasaidia kidogo.

Mliowahi kwenda, muongozaji anakubali kupunguza vituo bila kuwakera wenzenu? Na asiyeonja anapata cha maana kweli au ndo anakaa ananusa kimea kinachemka tu?