Laptopu ya gemu Nairobi: kukodi, au kununua iliyotumika?

Kerengende
Wadau, naomba mnisaidie kulinganisha. Gemu ni Valorant (ya kufyatuliana risasi mtandaoni) na FC (ya mpira), kila Jumamosi na Jumapili kwa miezi mitatu. Taslimu ni elfu 40. Nachagua kati ya kukodi laptopu yenye kadi ya picha ya RTX 3050 na kununua iliyotumika, Moi Avenue au Luthuli. Ipi inalipa?

Hesabu_Kwanza
Usianze na bei, anza na hasara. Chukua bei ya kununua, toa bei utakayouzia baadaye, kisha gawanya kwa kodi ya siku moja. Mfano tu: laptopu ya 90,000 ikiuzika 65,000, imekula 25,000. Kodi ikiwa 1,500 kwa siku, hizo ni siku 16 na kitu. Wewe una wikendi 13, yaani siku 26, sawa na 39,000 ambazo hazirudi. Ungekuwa unacheza wikendi mbili tu kwa mwezi, siku 12, kodi ingeshinda waziwazi. Uliza pia kama bei ina VAT ya asilimia 16 ndani, na kama kuchukua Ijumaa jioni na kurudisha Jumatatu asubuhi ni siku mbili au nne. Hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Feni_Mbili
Na hiyo kodi unalipia nini hasa? Jina la kadi halitoshi. RTX 3050 ya laptopu hutengenezwa kuanzia wati 35 hadi 80, na kibandiko ni kilekile. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, usome mstari wa Maximum Graphics Power. Ukikuta 40, usikubali kutozwa kodi ya mashine ya wati 80, hata kibodi iwake rangi zote.

Halafu nenda na HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi ya mashine, kwenye fleshi. Chaja ikiwa imechomekwa, cheza dakika 20 palepale dukani. Dakika tano za mwanzo hazikwambii kitu kwa sababu shaba ya kupozea bado haijashika moto. Tazama joto na megahezi za kadi kwa pamoja: ikifika nyuzi 87 kisha megahezi zikaanza kuporomoka, vumbi limeziba mapezi ya kupozea au pesti ya joto imekauka. Prosesa kugusa 95 kwa sekunde chache si ugonjwa. Kukaa hapo muda wote huku kasi ikishuka, huo ndio ugonjwa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni hubeba joto pungufu kuliko ingebeba pwani kwa mzunguko uleule. Vumbi kidogo tu linaonekana kwenye namba.

Angalia chaja. Laptopu za aina hii kwa kawaida hutaka wati 120 hadi 200. Ukipewa ya USB-C ya wati 65, betri itapungua ukiwa umechomeka na kadi itabanwa. Kwenye Task Manager, upande wa Memory, "Slots used" isome 2 of 2. Kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 8 hufanya gemu ikwamekwame. Na skrini ya hezi 144 mara nyingi huwa imeachwa kwenye 60.

Kerengende
Asante sana. Duka moja linasema gemu nitaweka mwenyewe. Kuna shida?

Bando_la_Usiku
Ipo. FC peke yake inadai karibu gigabaiti 100. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, hizo ni saa 11 na zaidi, na kodi inahesabika. Tumia diski ya SSD ya nje ya USB 3, iwe imefomatiwa NTFS, uiongeze kwenye Steam (duka la gemu) kupitia Settings, Storage. Wikendi inayofuata unaichomeka kwenye mashine nyingine, unaielekeza kwenye folda ileile, hupakui gemu yote upya.

Valorant ni habari nyingine. Vanguard, programu yake ya kuzuia udanganyifu, hukaa ndani ya Windows yenyewe, hivyo unahitaji nenosiri la msimamizi kuisakinisha na kuwasha mashine upya. Kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za mashine. Vikiwa vimezimwa na BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) imefungwa kwa nenosiri la mwenyewe, utaishia kwenye hitilafu ya VAN9001. Baya zaidi ni VAN 152: aliyekodi kabla yako alidanganya kwenye gemu, mashine ikafungiwa. Jaribu kwanza na akaunti mpya isiyo na kitu, usiingize yako.

Karatasi_na_Wino
Kitambulisho usiache, toa nakala. Piga video ya skrini, bawaba na namba ya mashine mbele ya mwenye duka, na amana ilipwe kwa till ya biashara. Muda wa kuirudisha uandikwe. Siku ya kurudisha, toka Steam kwenye vifaa vyote na ufute akaunti yako ya Windows.

Hesabu_Kwanza
Kerengende, kwa elfu 40 kuna njia ya tatu: deskitopu ndogo ya ofisi iliyotumika, yenye i5 ya kizazi cha 8 ili Windows 11 ikubali rasmi, pamoja na kadi ya picha ya GTX 1650 fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Inakula wati 75 kupitia soketi ya bodi. Pima nafasi kabla ya kulipa, kwani nyingi huchukua upana wa soketi mbili. Kadi ya RX 6400 ni nyembamba, lakini ina njia nne tu za kupitisha data (PCIe) na kwenye bodi za kizazi hicho hupoteza kasi. Mwisho wa miezi mitatu una kitu cha kuuza.

Kerengende
Stima ikipotea je?

Feni_Mbili
Deskitopu itazimika papo hapo, hivyo tenga pesa ya UPS (betri ya akiba); ya 650VA inakupa dakika chache za kuzima vizuri. Laptopu itabaki hai ila kadi hushushwa wati ikiwa kwenye betri. Kwa Valorant haikusaidii, maana ruta imeshazimika. Nunua kwanza UPS ndogo ya ruta, volti 12, na usome kibandiko cha adapta yako ujue ampea.