Mjadala: Bendi inapanda jukwaani au stejini?

Mleta mada, Lamu:
Juzi mtaani kwetu lilitolewa tangazo kwamba bendi ya taarabu ingepanda steji Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya sala ya Isha. Mgeni wetu kutoka Malindi akauliza bendi itarudi vipi usiku kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara mabasi yanakoishia, kwa sababu kwake yeye steji ni mahali mabasi yanapoteremshia abiria, na katika mji huu wa punda na vichochoro steji ya namna hiyo haipo. Watu walicheka, ila mimi naona aliuliza kwa haki. Neno letu ni jukwaa, ambalo pia ni jina la miti inayofungwa pamoja ili waashi wasimame juu yake wanapojenga. Yeyote aliyewatazama vijana wakikaza kamba kwenye boriti za mikoko, wakatandika mbao na juu ya mbao zulia la kuazima, hatahitaji kamusi kujua kwa nini fundi na mwimbaji wanatumia neno moja.

Mchangiaji, Malindi:
Ndugu yangu, ukilikataa neno steji kwa kuwa ni la kuazima, kataa na meza tuliyoipata kwa Wareno. Vijana husema "stejini", na neno likishavaa kiambishi chetu limekwisha kuwa mwenyeji. Au mwataka ulingo? Huo ni kichanja cha shambani cha mtu wa kuamia ndege; waandishi wa michezo wakawapa mabondia, wanasiasa nao wakauchukua. Sioni mwimbaji ana shughuli gani huko.

Mleta mada:
Siukatai ugeni wake, naukataa utata wake. Meza haimpotezi mtu njia.

Mchangiaji, Lamu:
Wanangu, nyote wawili mmeshika neno "kupanda" bila kuliuliza. Katika taarabu niliyoikuta utotoni, mpiga udi alikaa kitako sawa na wasikilizaji, na aliyeguswa na ubeti aliinuka, akapiga hatua mbili tatu, akamtuza mwimbaji mkononi. Siku hizi mwanamke aliyevaa buibui hulazimika kupanda vidato vya mbao vinavyotikisika, au noti yake ipitishwe na kijana asiyemjua. Pakiinuliwa, paitwe jukwaa, nami namuunga mkono mleta mada. Lakini bendi ikikaa mkekani hakuna jukwaa wala steji: tangazo liseme tu "uwanjani, mbele ya Ngome", na hata mgeni wa Malindi atafika.