Mbizi nne kwa siku na marafiki: tuwekeane kikomo, au kila mtu na kompyuta yake?

Mtoa mada

Ndugu zangu wapiga mbizi wa Mombasa, na wageni wetu wa kutoka bara, naleta hoja hii sasa kabla kaskazi haijaingia na boti hazijaanza kujaa. Jumamosi tulikaa barazani Nyali, watu kama kumi, tukabishana mpaka chai ikapoa. Suala lenyewe ni hili: kikundi cha marafiki kinachokwenda baharini kujifurahisha, kizamie mara ngapi kwa siku moja? Wapo waliosema tatu, basi. Wapo waliosema hesabu ya nini, kompyuta ya mbizi, ile inayovaliwa mkononi kama saa ikihesabu kina na muda, ndiyo hakimu; ikikuambia bado una dakika, shuka. Mimi nasema tatu, na siku ya kupanda kwenda bara, hakuna.

Mwezi wa pili mwaka uliopita tulitoka watano. Bahari shwari, maji meupe mpaka unaiona nanga ikikaa mchangani. Mbizi ya kwanza tulikwenda Dania, ile meli iliyozamishwa makusudi nje ya Bamburi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, chini kabisa kama mita 30. Ya pili mwamba wa nje, mita 18. Ya tatu hapo hapo jirani, tukamkuta kasa amelala chini ya jiwe. Ilipofika saa kumi jioni midomo imekauka kwa chumvi na mitungi mitano bado imejaa. Mmoja wetu akasema, "Hii tumeshailipia." Hakuna aliyekataa. Mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, kichwa kilikuwa kizito, nilitamani kurudi nyumbani. Nikanyamaza, nikavaa mapezi.

Tulipopanda, ndugu yetu mmoja akawa anasugua kiwiko. Alipoulizwa akasema ni mtungi, aliubeba vibaya. Usiku tulikuwa kwangu, chai ya tangawizi imemiminwa kwenye bilauri, moto kiasi kwamba sisi tunaishika ukingoni kwa ncha za vidole. Yeye aliikamata kwa kiganja kizima na kuendelea kuzungumza. Mke wangu ndiye aliyeona. "Shemeji, huungui?" Akautazama mkono wake kama si wake.

Ulikuwa ugonjwa wa wapiga mbizi: naitrojeni iliyobaki mwilini ikafanya mapovu. Alipewa oksijeni usiku ule ule, akatibiwa kwenye chumba cha mgandamizo, na vidole vimerudi. Lakini kompyuta yake niliikagua mwenyewe. Mbizi zote nne, haikulia hata mara moja.

Ndiyo maana hoja ya "kompyuta ndiyo hakimu" hainiingii. Kompyuta inajua kina na muda. Ukifika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu ya maji, mita 30 ni mara nne, na naitrojeni ya mtungini inasukumwa damuni, halafu misulini, mafutani na kwenye viungo. Kompyuta inakadiria imeingia kiasi gani na imetoka kiasi gani, kwa mwili wa kukisia. Haijui kwamba mwenzetu alilala saa tatu tu, kwamba tangu asubuhi alikunywa chupa moja ya maji, wala kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivuta nanga.

Na hiyo naitrojeni haitoki yote kwa saa moja ya kukaa botini tukila viazi vya karai. Haldane, yule mwanasayansi wa Uskoti aliyetengeneza majedwali ya kwanza ya kupiga mbizi mwaka 1908, aliugawa mwili katika sehemu tano: ya haraka inapunguza nusu ya mzigo wake kwa dakika 5, ya polepole kwa dakika 75. Kompyuta za leo zinahesabu sehemu za polepole kuliko hizo, za masaa. Kwa hiyo damu imeshasafika, kiungo bado kimebeba. Mbizi ya pili inaongeza juu yake, ya tatu inaongeza, na kwenye ya nne unashuka na mzigo wa tangu asubuhi.

Majedwali ya PADI, shirika linalofundisha kupiga mbizi, yenyewe yanaonya. Yanakupa herufi kwa kadiri ya naitrojeni iliyobaki mwilini, A ikiwa kidogo na Z nyingi kabisa. Ukipanga mbizi tatu au zaidi kwa siku, na mojawapo ikakuacha kwenye kundi W au X, mapumziko yote yanayofuata yasipungue saa 1. Ukiishia Y au Z, yasipungue saa 3. Niambieni, nani kati yetu amewahi kuona boti ya marafiki ikingoja saa tatu baharini, na jua la saa saba linachoma?

Lakini kwangu kubwa kuliko naitrojeni ni urafiki. Ukizamia na usiowajua, ukichoka unasema umechoka. Ukizamia na wenzako wa utotoni, unaona haya kuwaharibia siku. Mficha maradhi kifo humuumbua, sote tunaijua, lakini botini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kiwiko kinamuuma. Kikomo kilichowekwa pwani, kabla mtu hajalowa, kinamwondolea kila mmoja mzigo wa kuwa yeye ndiye aliyekataa.

Mchangiaji, nahodha wa Mtwapa

Kaka, pole kwa yaliyomfika mwenzenu. Ila namba tatu umeitoa wapi? Mbizi nne za mita 10 ndani ya hifadhi, kwenye matumbawe, si sawa na mbili za mita 30. Ukiniwekea kikomo cha idadi, wageni watachagua zote tatu ziwe za kina ili wafaidi. Halafu kuna boti za Maldives na za Bahari ya Shamu kule Misri zinazozamisha watu mara nne kwa siku, wiki nzima, na watu wanarudi kwao salama. Kusi ikianza sisi tunakaa miezi tunatazama mawimbi. Vijana wangu wanalipwa kwa safari. Mtu akitaka ya nne na vipimo vyake ni vizuri, kwa nini nimkatalie?

Mchangiaji, wa Nairobi

Shikamoo nahodha. Mimi nakuja na treni Ijumaa usiku, nazamia Jumamosi mara nne, Jumapili asubuhi mara mbili, na treni ya usiku narudi. Sipandi ndege, kwa hiyo sijawahi kuhofia. Pia natumia naitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni na kupunguzwa naitrojeni. Je, bado mnanihesabia tatu?

Mtoa mada

Nahodha, la kina umenishinda na nakubali hadharani. Anayezama mara nne kwenye maji mafupi ya ndani ya mwamba yuko salama kuliko sisi siku ile. Basi tuseme tatu, ya kina kirefu iwe moja tu na iwe ya kwanza, na kila mmoja asimame mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka, hata kama kompyuta haikumtaka. Lakini idadi siiachi. Mpango wa kina hubadilika chini ya maji: pweza ameingia pangoni, mmoja anamfuata mita nne zaidi, wengine nao nyuma yake. Idadi haibadiliki. Mitungi iko ngapi botini, mtu anaihesabu kwa macho akiwa gatini.

Hizo boti za Misri na Maldives, watu wanalala humo humo. Hakuna anayeshuka akaendesha gari, hakuna anayebeba mitungi yake kwenye mchanga wa moto, wengi wanatumia naitroksi, na siku ya mwisho huwa wanaachwa wakauke kabla ya ndege. Chukua na hayo yote, si ile nne peke yake. La mapato ya vijana sina jibu jepesi. Mimi ningelipa zaidi kwa safari yenye mbizi mbili na nahodha asiye na haraka, na nadhani wapo wengi kama mimi, ila najua bei si uamuzi wangu.

Ndugu wa Nairobi, wewe ndiye unayenitia wasiwasi zaidi. Miongozo ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, inataka saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ukiwa umezamia mara nyingi au siku mfululizo, kabla ya kuruka. Hiyo iliandikwa kwa ndege ambazo hewa yake ndani ni nyepesi, kama ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Mwili haujui kama umepandishwa na bawa au na reli. Ukitoka majini Jumapili saa tano asubuhi na ukaingia treni ya usiku, alfajiri uko juu na saa 18 hazijatimia. Jumapili yako tembea Mji wa Kale, kula, lala.

Naitroksi ni nzuri. Ya asilimia 32 ukiwa mita 18, mwili unahesabu kama uko mita 14 kwa hewa ya kawaida. Ila watu huitumia kukaa chini muda mrefu zaidi, na ile faida wanaila yote. Wewe unaitumiaje?

Nahodha, nina swali moja kwako na kwa manahodha wengine wanaosoma. Mtungi wa oksijeni wa lita 2, uliojazwa bar 200, una lita 400 za gesi. Mgonjwa akipewa lita 15 kwa dakika, haufiki nusu saa. Toka Dania mpaka ufukweni, mpaka gari lipatikane, mpaka foleni ya daraja la Nyali jioni. Botini kwako mna mtungi wa ukubwa gani, na mara ya mwisho uliangaliwa lini?