Msaada: mume kanyimwa malipo ya ulemavu Marekani. Tukate rufaa au tuombe upya?

MamaWawili_Ohio
Habarini wapendwa. Mume wangu ana miaka 52, kafanya kazi ya ghala tangu 2014. Mgongo umekufa, kapasuliwa, na bado hawezi kusimama muda mrefu. Tuliomba SSDI, bima ya ulemavu ya serikali, leo barua imekuja: hapana, eti anaweza kazi nyepesi. Jirani anasema tujaze fomu upya. Mwingine anasema wenye nyumba na magari mawili hawapewi kitu. Kiingereza cha mume ni cha kuombea maji. Nishaurini.

Kaka Mkubwa
Pole sana dada. Msijaze upya! Ombeni ombi lilelile lipitiwe tena. Mna siku 60 tangu mpokee barua, na wao huhesabu mmeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Malimbikizo ya SSDI hayarudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya ombi, kwa hiyo mkianza upya mnajikata wenyewe. Wengi hukataliwa raundi ya kwanza. Wakikataa tena, mnaomba kusikilizwa na jaji.

Binti Pangani
Huyo wa nyumba na magari anachanganya SSDI na SSI. SSI ni ya wasio na kitu, huko ndiko mali hupigiwa hesabu, na hata huko nyumba mnayoishi haihesabiwi. SSDI ni bima yake mwenyewe, angalia makato ya FICA kwenye karatasi ya mshahara. Wanachotazama ni kama alichangia vya kutosha, ikiwemo takriban miaka 5 kati ya 10 kabla ya kuumia.

Mzee wa Busara
Kutojua Kiingereza kutamsaidia, ataonekana hana kazi nyingine ya kufanya.

Kaka Mkubwa
Mzee, shikamoo, lakini kigezo hicho kilifutwa 2020. Kinachombeba ni umri: kuanzia 50 masharti yanalegea kwa aliyezoea kazi za nguvu.

Nesi_Dallas
Mimi naona mafaili haya kila siku. Jina la ugonjwa halitoshi. Daktari aandike anakaa dakika ngapi, anasimama kiasi gani, ananyanyua paundi ngapi, na kwamba hali hiyo imedumu au itadumu miezi 12. "Mgonjwa anaendelea vizuri" imewaponza wengi, maana daktari alikuwa anasema kidonda kimepona! Na mkalimani wa Social Security, ofisi inayoshughulikia malipo haya, ni bure. Msimtumie mtoto.

MamaWawili_Ohio
Asanteni mno. Wakili je? Hela hatuna.

Kaka Mkubwa
Wengi hulipwa mkishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, na serikali imeweka kikomo. Anayetaka chochote cha mapema kama ada yake, mkimbieni. Jipangeni pia, miezi 5 kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi, na Medicare, bima ya afya ya serikali, huja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo.

MamaWawili_Ohio
Barua ni ya tarehe 3. Daktari tunamwona Jumatano, namwandikia hayo maswali ya Nesi kwenye karatasi.