Nyama ya swala: mzigo mmoja laini, mwingine mweusi na mgumu

Mpishi_Bagamoyo
Habari za kazi wadau. Hotelini tunachukua swala kwenye bucha ya nyamapori yenye leseni. Leo nyama inakuja nyekundu, laini. Mzigo unaofuata ni mweusi, unanata mkononi, na kwenye mfuko uliotolewa hewa unaharibika mapema. Naambiwa kulungu wa kufugwa wa Nyuzilandi hana shida hiyo. Je, tofauti ni kufugwa?

Mkaguzi_Tanga
Mkuu, huyo wa mzigo mweusi alikufa amechoka. Mnyama aliyetulia ana sukari ya akiba kwenye misuli, glaikojeni. Akishakufa inageuka asidi ya laktiki, na pH, kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu umezidi), inashuka kutoka 7 hivi hadi 5.5 au 5.7. Akifukuzwa na gari, au akijeruhiwa akakimbia, akiba imeshakwisha. pH inabaki juu ya 6: nyama inashika maji, inakuwa nyeusi, na bakteria wanastawi. Wa kufugwa naye akiswagwa ovyo kwenye lori anatoa nyama hiyohiyo. Mfugaji anachomzidi mwindaji ni kuujua umri na kuchagua siku. Kulungu dume wakati wa kupandana hukonda na kutoa harufu kali, basi mfugaji anamchinja kabla. Tafuta kipima pH cha kuchoma kwenye nyama. Ikizidi 6, pika mapema, usiweke akiba.

Bucha_Pongwe
Naongeza: risasi ikipita tumboni, uchafu unafika hadi kwenye sarara. Kusuuza kunausambaza tu. Kata utupe, pamoja na nyama yote iliyovilia damu kuzunguka tundu, maana vipande vya risasi hutawanyika.

Na kwa joto la pwani, matumbo yatoke upesi. Ila msikimbilie friza! Misuli ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla haijakakamaa (ule ukakamavu wa mzoga baada ya kufa), inajikunja na kubaki migumu. Ikiganda kabisa kabla ya hapo, siku ya kuyeyuka inajikunja na kumwaga maji. Ikakamae kwanza, ndipo ining'inie kwenye chumba cha baridi, nyuzi 0 hadi 4, wiki moja hivi.

Mpishi_Bagamoyo
Shukrani. Papai bichi la kulainishia je?

Mkaguzi_Tanga
Kwa paja sawa, dakika 30. Ukizidisha, nje inakuwa uji na ndani bado ngumu, kwa sababu utomvu haupenyi. Sarara usiiguse na papai. Haina mafuta katikati ya nyuzi za nyama, kwa hiyo ipake mafuta, mkaa mkali, itoe ndani ikifika nyuzi 63, uipumzishe kabla ya kukata. Shingo na muundi ni vya tui na moto mdogo, saa 3.