Diski ya kuwashia kompyuta ya Shangazi: gumzo la kikundi cha ukoo

Mariamu: Assalaam alaykum nyote. Kompyuta yangu ya mezani, ile Dell OptiPlex 7010 niliyoinunua ikiwa mtumba, imenichosha. Asubuhi nikiiwasha huenda jikoni kuinjika chai, na chai huchemka kabla sijaweza kufungua daftari la hesabu za kikoba. Nimeambiwa dawa yake ni diski ya haraka iitwayo SSD. Jana dukani nilioneshwa mbili za bei moja: moja ni kijiti mfano wa kipande cha rula, kimeandikwa kwamba kinasoma MB 3,500 kwa sekunde, na nyingine ni bapa, ndogo kuliko kiganja, imeandikwa MB 550. Muuzaji amenihimiza nichukue kijiti. Idrisa mwanangu, unasemaje?

Idrisa: Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi. Nakuomba usilipe kwanza. Kijiti hicho ni cha aina ya NVMe, na huchomekwa katika nafasi inayoitwa M.2 juu ya ubao mama, yaani ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Mashine yako ni ya mwaka 2012, na ubao wake hauna nafasi hiyo.

Mariamu: Marahaba. Lakini muuzaji alifungua simu yake mbele yangu, akanionesha maelezo ya OptiPlex 7010 yakisema kwamba M.2 ipo.

Idrisa: Hakukudanganya, ila alisoma maelezo ya mashine nyingine. Mwaka 2023 Dell walitoa kompyuta mpya kabisa wakaipa jina lilelile la OptiPlex 7010, na hiyo ndiyo yenye M.2. Yako ni ya prosesa za Intel za kizazi cha tatu. Zuhura, tafadhali chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, utuambie unachokiona.

Zuhura: Nimefungua, Kaka Idrisa, na vumbi lililomo lingetosha kupandia mchicha. Ninaona vitundu vitatu vya kuchomekea diski, vilivyoandikwa SATA0, SATA1 na SATA2. Diski ya sasa imechomekwa cha kwanza, na kisomea CD kimechomekwa cha pili. Nafasi ya kijiti sioni popote.

Hamisi: Nimesoma yote. Ninavyojua, kuna kadi ya kugeuza ambayo huwezesha kijiti kama hicho kuchomekwa pale panapowekwa kadi ya picha. Kwa nini Mariamu asinunue kadi hiyo, akapata MB 3,500 badala ya 550?

Idrisa: Shikamoo Baba Mkubwa. Kadi hizo zipo, na Windows ikishawaka itakiona kijiti bila shida. Tatizo ni kwamba BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, katika mashine za umri huu kwa kawaida haijui kuwasha kompyuta kutoka NVMe, kwa hiyo Shangazi angepata ghala la haraka la kuwekea faili, lakini asubuhi mashine ingeendelea kuwaka kutoka diski ileile inayomchosha.

Isitoshe, namba hizo kubwa hupimwa kwa faili moja ndefu inayosomwa mfululizo, na kompyuta haiwaki hivyo. Inapowaka huokota maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Diski yake ya sasa ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kila kipande kinapohitajika, kichwa cha kusomea husogea hadi mahali pake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka data ipite chini yake. Kusubiri huko peke yake ni wastani wa milisekunde nne, achilia mbali muda wa kusogea. SSD haina kinachozunguka, nayo hujibu kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde moja. Nafuu yote anayoitafuta Shangazi imo humo, na ile bapa, ambayo huchomekwa kwenye vitundu hivyo vya SATA, inayo sawasawa.

Hamisi: Marahaba, nimeelewa. Lakini nimesikia kwamba diski hizi huchakaa kwa kuandikwa.

Idrisa: Ni kweli, ila tazama hesabu yake. Samsung 870 EVO ya GB 500, kwa mfano, ina dhamana ya miaka mitano au kuandikwa TB 300 (yaani GB 300,000), lolote litakalotangulia. Shangazi akiandika GB 20 kila siku, jambo ambalo barua na hesabu za kikoba hazitalifikia kamwe, ataimaliza TB 300 baada ya miaka 41 hivi. Mimi ningeihofia zaidi SSD ya rahisi mno isiyotaja kiwango cha kuandikwa wala dhamana.

Mariamu: Ipo ya GB 240 na ya GB 500. Nichukue ipi?

Idrisa: GB 240 inatosha kwa Windows na programu zako, lakini GB 500 haifiki bei mara mbili, na SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi inapoandika. Uwezo ukiruhusu, chukua 500.

Zuhura: Je, tukishaiweka tunaweza kuhamia Windows 11?

Idrisa: Hapana, prosesa hiyo haimo katika orodha ya zile ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na SSD haibadilishi hilo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo baadaye tutazungumzia Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows.

Hamisi: Kabla hamjaanza, nisikilizeni. Fundi mmoja aliniwekea SSD akaacha diski ya zamani imechomekwa wakati wa kusakinisha Windows. Mashine ilipaa. Miezi minane baadaye diski ya zamani ikafa, na kompyuta ikakataa kuwaka, ingawa Windows nzima ilikuwa ndani ya SSD. Kumbe zile faili za kuanzishia zilikuwa zimewekwa kwenye diski ya zamani bila mimi kujua.

Idrisa: Baba Mkubwa amegusa penyewe. Zuhura, chomoa diski ya zamani kabisa, uchomeke SSD kwenye SATA0, kwa kuwa katika ubao huo 0 na 1 ndivyo vyenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, na cha 2 ni cha gigabiti 3. Kisomea CD kihamishie SATA2. Usiirudishe diski ya zamani mpaka mashine iwe imewaka yenyewe bila hiyo.

Mariamu (Jumamosi): Nimerudi dukani nikachukua bapa ya GB 500 yenye dhamana ya miaka mitano. Kibanio cha kuishikiza hawana.

Idrisa: Haina kitu kinachotikisika ndani, Shangazi. Kwa sasa ibandikeni kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, ilimradi isining'inie kwenye waya.

Zuhura: Imewaka. Tangu kubonyeza kitufe hadi kuulizwa neno la siri nimehesabu sekunde 19. Diski ya zamani bado iko mezani juu ya kitambaa, na Mama amesimama nyuma yangu anataka niichomeke SATA1 sasa hivi, maana daftari la kikoba limo humo.